Mwalimu Sabiri, Mtani wa Watu wa Usoke

Mwalimu Sabiri alipoletwa shuleni kwetu Usoke, wazazi walikuwa wanatuogopa sisi walimu kama askari. Siwalaumu. Shule iliwaita kwa michango na utoro tu, na kila aliyekuja aliketi ukingoni mwa kiti akingoja kusutwa. Mkuu wetu wa shule aliuita huo ushirikiano.

Sabiri alikuwa Mzaramo, na tangu enzi za misafara ya kwenda pwani Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani. Walimu wengine tulipoagizwa kutembelea familia tulikwenda tumekunja sura. Yeye aliingia uani kwa watu akipaza sauti, "Hodi, wapagazi wangu! Nimekuja kuzika, kumbe bado mnakula!" Alifunua sufuria, akajimegea ugali, bibi wa nyumba akamtukana, naye akajibu. Kicheko kikiisha alikuwa ameshajua nani hana sare, nani analala njaa, nani anazuiwa nyumbani kushona majani ya tumbaku. Haukupita muda mrefu wazazi wakaanza kuja shuleni wenyewe, bila kuitwa. Nilimwonea wivu, nasema wazi.

Nyumba aliyoizoea kuliko zote ilikuwa ya Leodgar na mkewe Apolinaria, wakulima wa tumbaku. Binti yao Levina alisoma katika darasa la Sabiri. Kila alipofika, Sabiri alimtazama mtoto, akatikisa kichwa na kumwambia Leodgar, "Mnamkondesha huyu. Akiwashinda kumlisha, nipeni nimzike." Walivunjika mbavu wote, Levina akiwemo.

Halafu Levina akaanza kuchoka kweli. Alitembea kutoka darasani hadi bombani, akasimama kuhema. Miguu ilimvimba. Sabiri alipomwona hivyo alikwenda kwao siku hiyohiyo, na safari hii hakupiga kelele.

"Leodgar, mpelekeni Levina hospitali Tabora. Naona moyo wake una tatizo."

Leodgar akacheka. "Mzaramo leo kaja na udaktari!"

"Sitanii, ndugu yangu. Wallahi."

"Na kuapa anaapa!" Apolinaria alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Kaa ule, mtani. Ugonjwa utautafuta ukishashiba."

Alikaza uso, akawasihi, wakazidi kucheka. Watu hawa hawakuwa wajinga hata kidogo, na mtoto wao walimpenda. Lakini mtani hodari ndivyo anavyofanya, anakukazia uso mpaka unamwamini, kisha anakucheka yeye. Wao hawakutaka kunaswa.

Sabiri alitoka huko akaja moja kwa moja kwangu. "Hawanisikii," aliniambia. "Nimewazoesha vibaya." Mkuu wa shule alisema jambo hilo lingoje kikao cha wazazi. Kikao! Nilikasirika mpaka nikakosa adabu mbele yake. Nikamwambia Sabiri tutakwenda wote asubuhi, mimi Mnyamwezi mwenzao, nisiye na utani nao.

Jioni hiyo Levina alianguka nje ya bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku. Alikata roho njiani, wakimkimbiza zahanati.

Msibani macho yote yalimtafuta Sabiri. Kwetu mtani ndiye anayelegeza msiba. Anawaiga wanaolia, anagaragara chini, watu wacheke kidogo wapate nguvu ya kuzika. Sabiri alisimama nyuma yetu walimu, hakumwiga mtu. Jeneza lilipotolewa nje alianguka mchangani, akalia kwa sauti huku akimwita mtoto kwa jina.

"Huyo! Mtani kaanza!" mwanamke mmoja alisema, na wenzake wakacheka. Kicheko kikaenea hadi kwa wanaume waliobeba jeneza. Sabiri alilia zaidi, nao wakampigia makofi. Sijapata kuona jambo baya kama lile.

Apolinaria akainua kichwa kutoka kwenye mkeka.

"Nyamazeni," alisema. "Mwalimu analia kweli. Na siku ile pia alikuwa anasema kweli."