Giza la Ua la Pasaka

Mama yangu, huko Limuru, ana mmea mmoja wenye vituko. Unakaa barazani ndani ya kopo kuukuu la siagi. Hauna majani, una pingili bapa za kijani zilizoungana na kuning'inia, na kila mwaka Pasaka inapokaribia hutoa maua mekundu kwenye ncha. Sisi tuliliita ua la Pasaka. Nikiwa mdogo niliamini kwamba linajua kalenda ya kanisa, kwa sababu Pasaka yenyewe huhamahama na ua nalo lilihama nayo, au karibu. Mama alikuwa na maelezo yake. Vitumba visipoonekana katikati ya Kwaresima, alisema, basi ndani ya nyumba kuna mtu aliyemnunia mwenzake. Alitukodolea macho mezani, mmoja baada ya mwingine, hadi mtu akakiri kitu. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

Sasa naishi Dubai, Al Muraqqabat, wanawake wanne katika chumba kimoja chenye vitanda viwili vya ghorofa. Nasafisha vyumba katika hoteli ndogo, zamu ya mchana mpaka usiku. Mwaka juzi, mwezi wa tatu, niliuona mmea wa mama katika duka moja kubwa, umefungwa kwa karatasi ya kung'aa na umejaa maua. Kibandiko kilisema ni kakati. Nilishangaa sana. Kakati niliyoijua mimi ina miiba na huota mahali pa jua kali, na huu wa mama ungeweza kuupapasa kama sikio la mbuzi. Lakini kibandiko kilikuwa kimeshasema, na mimi nikajiambia kwamba kama kweli ni kakati, basi hapa jangwani umefika kwao. Nikaununua.

Maua yalipokwisha nikaufanyia ukarimu. Nilichota mchanga pembeni mwa kiwanja cha ujenzi nyuma ya hoteli, nikaupandikiza humo, nikauweka juu ya mtambo wa kipoza hewa nje ya dirisha la ngazi, mahali panapopigwa jua tangu adhuhuri. Nilijiona mtaalamu. Kufikia mwezi wa sita pingili zilikuwa za rangi ya zambarau na zimesinyaa, na kila nikigusa moja inadondoka. Niliokoa tatu tu, nikazifunga kwenye karatasi laini, nikapanda basi siku yangu ya mapumziko kwenda kwenye vitalu vya miche, nje ya mji.

Muuza miche, mzee wa Kerala, India, mwenye subira, aliutazama mchanga uliong'ang'ania kwenye pingili akaniuliza kama nilikuwa nataka kuuua. Kwa Kiarabu chake cha kuungaunga na changu kibovu zaidi, alinieleza kwamba mmea huu haujawahi kuliona jangwa. Asili yake ni misitu yenye unyevu, ng'ambo ya bahari, nao hukaa juu ya matawi ya miti mikubwa, kivulini. Akanipa udongo mwepesi, chungu kidogo, na onyo la kutougusa kwa miezi kadhaa. Nilicheka njia nzima. Mimi ni mtu wa Limuru, ukungu na baridi, nimeletwa hapa na watu wakadhani nitazoea joto. Na mimi nikaenda kuufanyia mmea wa ukungu vilevile.

Zile pingili zilishika, na kwa mwaka mmoja na nusu zikazaa nyingine, kijani kitupu. Hakuna ua. Pasaka ya kwanza ilipita. Mwezi wa kumi na mbili uliopita nilirudi kwa yule mzee kumuuliza kosa ni nini. Akasema hili ni ua la majira ya kuchipua, na halijui majira kwa jua bali kwa giza. Linataka miezi miwili ya ubaridi na usiku mrefu, saa kumi na nne za giza lisilokatizwa. Taa ikiwashwa katikati, hata kidogo, linaanza kuhesabu upya.

Nilibaki nayafikiria hayo majira ya kuchipua. Kwetu hatuna. Tuna mvua ndefu, na Pasaka hutukuta na matope mpaka kwenye magoti. Hapa nako kipindi hicho watu wanajaa bustanini na vikapu vya chakula kwa sababu wanajua joto linakuja kuwafungia ndani. Wazungu wanaliona ua hili wanasema baridi imekwisha, uhai umerudi. Mama analiona anasema nyumba ina amani. Mimi nikiliona hapa ningesema jiandaeni, kiangazi hicho. Ua ni moja tu.

Swali lililobaki lilikuwa mahali pa kupata giza. Chumba chetu kinatazama ukuta wa jengo jingine, kwa hiyo taa huwaka asubuhi wakati mimi napiga pasi na kusuka nywele, na huwaka usiku wengine wanapopika na kupiga simu nyumbani. Mahali pamoja tu palikuwa na giza: kitanda kilicho chini ya changu, kilichozungushiwa pazia. Mwenye kitanda ni dada wa Kakamega, mlinzi kwenye maghala ya Jebel Ali. Anaondoka saa kumi na moja jioni na kurudi saa mbili asubuhi, akalala mchana. Kwa hiyo usiku kitanda chake ni kitupu na kimefungwa. Tena yeye ndiye pekee anayekuwa chumbani jioni, mtu anayeweza kuuingiza mmea humo kabla hajatoka, na kuutoa dirishani akirudi.

Tatizo ni kwamba tulikuwa hatusemezani. Pazia lake lilikuwa jepesi, shuka tu, na mwaka mzima alikuwa akiniomba nizime taa asubuhi. Mara ya mwisho nilimjibu vibaya. Nilimwambia ajifunike uso kwa leso kama watu wengine, mimi siwezi kuvaa gizani. Aligeukia ukutani, na tangu siku hiyo hata salamu ikaisha.

Kiherehere cha ua kilinishinda. Asubuhi moja nilisimama mlangoni na chungu mkononi nikamweleza yote, mzee wa Kerala, msitu, saa kumi na nne. Alinisikiliza huku akifungua kamba za buti.

"Lete," akasema. "Lakini maji utamwagilia wewe."

Kwa wiki mbili alifanya hivyo bila kukosa. Nikitoka kazini saa tano usiku nilikuta chungu kiko ndani ya pazia lake, miguuni. Ila mwanga ulikuwa ukipenya ile shuka, nikawa sina raha. Hotelini walikuwa wanatupa mapazia ya zamani, yale mazito yenye mgongo wa mpira ambayo wageni huyafunga wakalala hadi adhuhuri. Nikamwomba msimamizi, akanipa mawili. Siku yangu ya mapumziko niliamka mapema, nikayashona kwa mkono, nikaanza kuyaning'iniza kuzunguka kitanda cha chini.

Alinikuta juu ya kigoda, sindano mdomoni. Akauliza ni ya nini. Nikamweleza kwa furaha kwamba taa ilikuwa inaliharibia ua hesabu, na kwamba sasa humo ndani hata kiganja chako hukioni.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na sare yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa begi akanipa. Ilikuwa barua ya onyo. Alikuwa amekutwa amesinzia getini. Akikutwa tena, visa inafutwa na anarudishwa nyumbani. Ana watoto wawili huko, wanaomtegemea yeye tu. Barua ilikuwa ya majuma matatu nyuma.

"Mwaka mzima nimekuomba giza," alisema, taratibu, bila hasira. "Ua limeomba mara moja."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu utoto, ile ya mezani kwa mama. Nilishuka kwenye kigoda nikamwambia nimekosa. Akasema sawa, maliza kushona, nataka kulala. Nikamalizia pindo la mwisho, akaingia, akafunga. Mimi nikazima taa nikakaa dirishani mpaka mchana bila kufanya lolote.

Vitumba vilitokea katikati ya Kwaresima, vidogo kama punje za mchele. Mzee alikuwa ameshaniambia kwamba vikitoka, chungu kisisogezwe wala kugeuzwa, vinadondoka. Kikabaki dirishani. Mapazia mazito yalibaki kitandani, na pasi yangu nikaihamishia kwenye ukumbi wa nje, kwenye soketi anayotumia mfagiaji wa jengo. Nilimpigia mama simu ya video kumwonyesha vitumba. Akauliza ni nani aliyekuwa amenuna. Nikamwambia ni mimi, akasema alijua.

Jumapili ya Pasaka dada wa Kakamega alirudi saa mbili, macho mekundu. Aliinama dirishani akaangalia. Kitumba kikubwa kilikuwa bado kimefumba. Alisema nikiona kitu nimwamshe, akaingia kulala. Maua haya hufunguka mchana na kufumba jua likizama, na saa nne hivi ua hilo lilianza kufunguka, petali moja moja, jekundu kama yale ya kwenye kopo la siagi. Miaka miwili, na mtu wa kumwonyesha yuko hatua mbili kutoka hapo nyuma ya pazia. Nilisogea hadi kitandani. Nilimsikia akikoroma kidogo, taratibu. Zamu ilikuwa inamngoja jioni ileile.

Nikarudi dirishani, nikakaa nalo peke yangu. Saa sita na nusu mchana nilivaa gizani, bila kuwasha taa, nikashika viatu mkononi, nikavivalia nje.

Saa kumi na dakika arobaini, nikiwa natandika kitanda cha mgeni, simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa amenitumia picha ya ua, bado limefunguka. Chini yake ameandika: "Nimelala masaa saba mfululizo."