Ugoro Ambao Benjamini Hakuvuta

Mimi Clement, mzee wa kanisa hapa Nyololo, ndiye niliyemtoa Benjamini kwenye meza ya Bwana. Simsingizii mtu.

Benjamini alikuwa anaimba besi kwaya kuu. Akaanza kuongelea puani, pua moja imeziba, leso ina vijidamu. Hapa kwetu mtu wa hivyo tunasema anavuta ugoro, na usharikani kwetu kwa ugoro unatengwa. Nikamwita.

"Mzee, sivuti. Pua imeziba tu."

Nikamwambia asinifanye mtoto. Mimi hasira zangu ziko karibu, nakubali. Baraza la wazee likanisikiliza mimi, likamtenga.

Miaka mitatu hakukanyaga kanisani, wala hospitali hakwenda. Mkewe, Lea, aliniambia baadaye: mumewe aliogopa watu wakisikia anatibiwa pua watasema, si mnaona, ugoro umemwozesha. Alikwenda hospitali jicho la kulia lilipoanza kutokeza.

Huko Mbeya daktari alikata kinyama kidogo, kikapimwa maabara. Si kansa. Ila uvimbe wenyewe ni mkorofi: utando wake hukua kwa kujikunja kuingia ndani, kama soksi iliyogeuzwa, na ukiacha mzizi unaota tena. Mara chache hugeuka kansa. Kwa kukaa sana ulikuwa umeshakula mfupa wa kando ya jicho. Wakautoa wote, lakini jicho lile sasa linaona ukungu. Daktari alisema angewahi, lingepona. Hayo maneno yananikosesha raha mpaka leo.

Aliporudi alikuja kwangu na cheti cha maabara.

"Shikamoo, mzee. Naomba ukisome kanisani, halafu useme ugoro haukuwepo. Wewe ndiye uliyesema mwanzo, watakusikia wewe."

"Marahaba. Nitasema," nikamjibu, na nilikuwa na nia kweli.

Jumapili, wakati wa matangazo, nikasoma cheti chote. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Benjamini alikuwa benchi la nyuma, wanapokaa waliotengwa, ananitazama. Nikaona wazee wenzangu mbele yangu, nikamwona mchungaji. La ugoro sikulitaja. Nikakunja karatasi, nikatangaza mnada wa mahindi baada ya ibada, nikakaa.

Meza ya Bwana ilipokuwa tayari, watu wakatoka benchi kwa benchi. Benjamini akabaki ameketi. Mimi nikatangulia mbele, nikapiga magoti, nikapokea.