Jina la Fundi kwenye Kadi ya Wifi

Wifi yangu Jovina alifanya kazi benki miaka thelathini na moja, na kama kuna mtu Kiseke hajapata habari hiyo, basi mtu huyo amehamia wiki hii. Ni dada wa mume wangu Nathaniel. Mimi Tereza, Msukuma wa Magu niliyeolewa kwa Wahaya, nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na minne, na kwa muda wote huo nimesomeshwa bure mambo ya kadi. Usimtajie mtu namba ya siri. Funika mkono unapobonyeza. Tunza kila risiti. Yeye ana faili la risiti lenye karatasi za rangi za kutenganisha miezi, na risiti ya nyanya za mwezi wa pili imo.

Mwaka huu binti yake Immaculata alipata mchumba, na wakwe wakatuma neno kwamba watakuja kutoka Bukoba kuleta barua ya posa. Wifi akakitazama choo cha wageni akaona aibu. Wasomi wale hawawezi kukalishwa kwenye sinki la choo la mwaka 2009, nshomile, yaani Wahaya waliosoma, wanaelewana wao kwa wao. Basi akaitwa Maige.

Maige ndiye fundi bomba wa mtaa wetu. Ni mtu mfupi, mpole, anayeongea kana kwamba maneno yanauzwa. Nusu ya mtaa huwa inamwachia funguo na kwenda kazini, na jioni unakuta bomba limepona na sakafu imepigwa deki. Yeye na mkewe Evelina tunasali nao jumuiya moja, kila Alhamisi jioni, nyumba kwa nyumba.

Sasa, watu wa kawaida wakitaka vifaa humpa fundi hela akanunue, au huongozana naye dukani. Mwenye duka naye humpa fundi chochote kwa kumletea mteja. Hicho ndicho cha juu, na sijasikia mtu aliyekufa nacho. Lakini wifi yangu cha juu anakiona kama uhujumu uchumi. Akamwambia Maige aandike orodha tu, manunuzi atafanya mwenyewe. Maige akaandika, akaikunja karatasi vizuri, akampa kwa mikono miwili.

Jumamosi wifi akaenda Nyakato, kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi linaloitwa kwa Chenge. Mzee Chenge mwenyewe hukaa mlangoni na kikombe cha chai, na mafundi wote wa Mwanza wanamjua. Mchana akarudi amepanda mbele kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, nyuma kuna sinki, marumaru na mabomba. Akanisomea risiti pale getini, mstari wa mwisho tu: shilingi laki tatu na elfu sabini na mbili.

"Nimepata bei nzuri sana, wifi," akasema. "Watu mnaibiwa kwa sababu mnaogopa kuingia dukani."

Nilimpongeza. Ni haraka zaidi kuliko kubishana.

Wiki tano baadaye, choo kimebaki marumaru tu na wakwe bado hawajafika, akachapisha taarifa ya akaunti yake, maana ujumbe wa benki kwenye simu hausomi, anasema maandishi ni madogo. Akaketi barazani na rula na kalamu nyekundu, akaniita nimsomee tarehe. Tulitafuta jina la Chenge, halikuwepo. Tulitafuta laki tatu na elfu sabini na mbili, haikuwepo. Wifi akainua miwani, akainama karibu yangu.

"Mashine yao haikukata," akasema kwa sauti ya chini.

"Utaenda kuwaambia?"

"Wifi, Mungu ana namna yake ya kumkumbuka mstaafu."

Hiyo nayo ikawa imeisha. Kumbe kukatwa mara mbili ni wizi, kutokatwa kabisa ni neema. Tukaendelea na ukurasa wa pili, na hapo neema ikakoma. Jumatatu ile iliyofuata, siku mbili baada ya yeye kwenda Nyakato, kadi yake ilikuwa imelipa laki tatu na elfu tisini na saba kwa kampuni inayoitwa Salunda Trade Supplies. Na pembeni ya jina la kampuni, kwa herufi kubwa, palikuwa pameandikwa MAIGE.

Wifi akalipigia jina hilo mstari mwekundu. Kisha akakumbuka kila kitu, kwa ufasaha wa kutisha. Jumatatu hiyo Maige alikuwa ndani anafunga sinki. Mkoba wa wifi mwenyewe, wenye kadi, ulikuwa juu ya kiti. Yeye alitoka kwenda kununua maziwa.

"Na namba ya siri aliipata wapi?" nikauliza, kwa kuwa nilifundishwa vizuri.

"Siku hizi wana mbinu."

Mtu mwingine angeanzia benki. Mwanamke aliyekula mshahara wa benki miaka thelathini na moja alianzia jumuiya. Alhamisi tulikuwa kwa Mama Paskazia, na baada ya rozari, mwenyekiti alipouliza kama kuna mengineyo, wifi akasimama na karatasi yake yenye mistari myekundu. Akaisoma tarehe. Akalisoma jina la kampuni, akaisoma hesabu, akasoma na lile neno la mwisho. Kisha akamgeukia Maige.

"Fundi, hela yangu uliinunulia nini?"

Maige alimtazama kwanza mkewe, ndipo akamtazama yeye. "Mama Imma, duka hilo silijui. Sijawahi kulisikia."

"Unalikana duka lililoandika jina lako?"

"Silijui, mama."

Wifi akampa mpaka Jumatatu arudishe, la sivyo ataenda polisi. Evelina akabeba mtoto wake akatoka bila kunywa chai. Maige akabaki kidogo, akaaga mmoja mmoja kwa adabu, na sisi tuliitikia tukiangalia vikombe.

Mtaa wetu hauna haja ya hukumu ya mahakama. Kufikia Ijumaa asubuhi Wilhelmina wa nyumba ya kona alikuwa ameshachukua funguo zake kwa Maige, eti amepata mgeni wa kukaa nyumbani. Mwenye nyumba ya kupanga kule juu akaahirisha kazi ya tenki. Fundi bomba huingizwa hadi vyumba vya kulala vya watu, anachouza kwanza ni kuaminika, bomba linafuata. Maige alikaa kwenye kibaraza chake siku nzima na begi la vifaa miguuni, na hakuna aliyemwita.

Ijumaa hiyohiyo wifi ndipo alipokumbuka benki. Kijana wa dirishani, ambaye hakujua wala hakutaka kujua kwamba anaongea na mkongwe wa taasisi, alimwambia kampuni hiyo ipo Nyakato, akamwandikia na mtaa. Wifi akafurahi. Jumamosi asubuhi akanichukua niwe shahidi, amevaa suti ya Pasaka, taarifa ya akaunti iko kwenye faili.

Tulishuka mahali alipotuelekeza yule kijana. Nikatazama mbele. Mzee Chenge alikuwa mlangoni, na kikombe chake.

"Wifi," nikasema, "si ndiyo hapa?"

"Hapa ni kwa Chenge. Sisi tunatafuta Salunda."

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia. "Salunda Trade Supplies iko wapi?"

"Marahaba. Umesimama mlangoni pake. Salunda ni marehemu baba yangu." Akatuonyesha juu, ambako kweli kulikuwa na kibao, kimefunikwa nusu na matangi ya maji ya kuuza. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukisoma, wala jina lenyewe kwenye risiti.

Ndani, msichana wa kaunta anayeitwa Queen alimpokea wifi kwa furaha. "Karibu tena, mama. Choo kimeisha?" Wifi akaweka karatasi mezani, akaweka kidole kwenye mstari mwekundu. Queen akafungua daftari lake.

"Hii ni ya kwako, mama. Vifaa laki tatu na sabini na mbili, na kirikuu elfu ishirini na tano. Nililipisha pamoja kwenye mashine, benki ikaiingiza Jumatatu. Stakabadhi ya gari nilimpa dereva."

"Na hili jina?" wifi akauliza. Nadhani tayari alikuwa anajua.

"Si wewe ulisema tuandike fundi Maige? Nilikwambia bei ya fundi ni ya mafundi tunaowajua tu. Ukasema, andika Maige, ni fundi wangu, kanituma. Nikaliandika na kwenye mashine, nikakupunguzia elfu arobaini na moja."

Mimi nilitazama koki zilizopangwa ukutani. Zilikuwa nyingi na nzuri.

Queen, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akaendelea. "Na yeye alipokuja wiki ile nikamwambia, fundi, safari hii cha juu chako kimeenda kwenye punguzo la mama. Akasema, haya, si kitu, mama yule ana ugeni."

Kwa hiyo wifi yangu, adui wa cha juu, alikuwa amekula cha juu. Alikula cha mtu mwingine kwa kutumia jina la mtu huyo, akasahau, kisha akalishika jina hilohilo kama ushahidi. Miaka thelathini na moja benki.

Tulipofika Kiseke wifi akaingia ndani, akatoka na bahasha na pakiti ya kahawa za kutafuna kutoka kwao, akasema twende kwa Maige. Tulimkuta sebuleni na Evelina. Wifi alieleza, tena alieleza vizuri, akaomba radhi, akaweka bahasha mezani. Sikuwahi kumsikia akiomba radhi kwa mtu, hata kwa mume wake alipokuwa hai.

Maige hakuigusa bahasha. "Nimekusikia, mama," akasema. "Lakini mwizi uliniita mbele ya watu kumi na tisa. Radhi umeileta tukiwa wanne."

Alhamisi jumuiya ilikuwa kwangu. Maige na Evelina walikuja, wakakaa karibu na mlango. Wifi alinivuta jikoni, akaniuliza kama nisingeweza kuwaambia mimi, kwa kuwa najua kuongea. Nikamwambia sijui. Baada ya rozari akasimama, mikono mitupu, akaanza na maneno ya kibenki. Kulikuwa na changamoto ya kimfumo, muamala ulichelewa, kumbukumbu hazikuoana.

"Mama," Evelina akasema taratibu, "mfumo ndio uliomtaja mume wangu?"

Wifi akavua miwani. Nikamwonea huruma kweli.

"Hapana," akasema. "Jina lake nililitaja mimi. Kule dukani nililitaja nipate punguzo, na kwa Mama Paskazia nikalitaja nimwite mwizi. Maige hajachukua kitu changu. Mimi ndiye niliyechukua chake."

Maige akainamisha kichwa, akasema, "Asante, mama. Choo nitakuja kumalizia Jumatatu." Wilhelmina akaanza kutafuta funguo kwenye kanga yake, na wengine wakamgeukia wifi yangu kwa macho ya kulaumu, wakitikisa vichwa kana kwamba walikuwa upande wa fundi tangu mwanzo. Nami nilikuwa natikisa cha kwangu, mpaka macho yangu yakakutana na ya Evelina. Alhamisi ile kwa Mama Paskazia nilikuwa nimekaa karibu yake. Jina la Maige liliposomwa tu, nilichukua mkoba wangu uliokuwa chini kati yetu, nikaupakata, na yeye aliniona.