Simu Ndani ya Kopo la Vifungo

"Mama, mbona simu umeifungia kwenye kopo la vifungo?"

Binti alikuwa na miaka saba. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameinama juu ya meza ya kukatia, pini zimejaa mdomoni. Shangazi mtu ndiye aliyemshika binti mkono. "Twende zetu, bibie. Leo mama yako hana masikio."

Tangu alfajiri ya siku hiyo, kabla ya kufungiwa, simu ilikuwa haijampa mama nafasi ya kumeza mate. Kundi la wazazi wa darasa la pili lilikuwa linabishana kuhusu viatu vya michezo. Mteja mmoja anataka pindo lipande, baada ya dakika mbili lishuke. Mwalimu naye akaomba kipimo cha kifua cha binti kwa ajili ya fulana. Mama akampima mlangoni, akaandika inchi ishirini na nne kwenye karatasi, akaiweka mezani, juu ya kitambaa cha bibi harusi. Kisha, simu begani, akakata gauni kwa kipimo hicho hicho.

Harusi ilikuwa keshokutwa, na kitambaa kile dukani kilikwisha.

Wifi yake, yule shangazi wa binti, waliyekuwa wakishona naye chumba kimoja, alikinyanyua kipande akakitazama. "Wifi, huyu anaolewa au anaanza chekechea?"

Mama akacheka, mara kicheko kikageuka kilio. "Kichwa kimejaa, wifi. Kesho nitasahau hata jina langu."

"Basi tukipunguze." Wifi akaitumbukiza simu koponi, akashindilia kifuniko. "Mtoto atakula kwangu. Wewe shona."

Simu ikatetemeka, vifungo vikacheza ngoma, mama akaunga lesi pana ubavuni, pande zote mbili, mpaka gauni likaenea. Bibi harusi alipojitazama kwenye kioo alilalamika jambo moja tu: kwa nini hawakumshauri lesi mapema?

Tangu siku hiyo, kila mchana simu ililala koponi mpaka binti arudi kutoka shule.

Miaka tisa baadaye binti, mitihani shingoni na simu yake haikomi kulia, alilivuta kopo lile lile akaitia yake. Akauliza tena lile swali lake la utotoni.

Mama akakata uzi kwa meno.

"Kuizima sikuwa na ubavu, mwanangu. Nilidhani nikiizima dunia itaanguka. Shangazi yako akaifunika, nikaisikia cherehani yangu. Nilikuwa nimeshaisahau sauti yake. Nenda kamshukuru wewe. Mimi kila nikimshukuru ananiuliza, 'Unashona au unapiga domo?'"