Vespa ya Shariffa na Maji ya Papa

Shariffa binti Humam, mjane wa Hail, alikuwa akipeleka mikate ya kumimina kwenye duka moja la mji wa pwani wa Sib kwa vespa yake, na vespa yenyewe ilikuwa ikimtesa. Stendi ilizama mchangani, mifuko ilimgonga magoti, na kiti kikiachwa juani hakikaliki. Basi akaazima drili kwa jirani. Chini ya stendi akafunga kipande cha bamba la chuma, kipana kama kiganja. Mbele ya magoti akatia kulabu ya kutundikia mfuko. Kiti akakishonea taulo. Nyuma akakaza kreti la plastiki kwa bolti, ndani akatandika kitambaa cheupe cha mikate.

Bakhit, kaka wa marehemu mumewe, aliizunguka vespa akicheka.

"Shemeji, hii vespa au kabati la jikoni?"

Juma lililofuata gari lake likaharibika, akaja kuiazima hiyo hiyo. Shariffa akampa.

Ilirudi alasiri. Alipofunua kreti, harufu ilimpiga usoni. Bakhit alikuwa amepakia papa mbichi juu ya kitambaa cha mikate. Damu na maji ya samaki yalikuwa yamechuruzika mpaka kwenye taulo, nzi wametanda. Kwenye kulabu ulining'inia mfuko wa matumbo aliousahau, ukivuja matone mazito pale Shariffa anapoweka miguu. Shariffa akageukia ukutani, akatapika.

Aliosha kwa siki na ndimu, akasugua hata vidole vikachubuka. Asubuhi jua lilipoipata ile plastiki, uvundo ukaamka upya. Akang'oa kreti, akalitupa jaani. Siku hiyo mikate haikwenda.

Muuza duka wa Sib alipompigia simu kuuliza mikate iko wapi, akamwambia na jingine. Jana yake Bakhit alisimama pwani kwa wavuvi akiwaonyesha lile bamba na ile kulabu, akijitapa: "Nimebuni mwenyewe!"

Hapo kichefuchefu kikamrudi, kibaya kuliko cha kwanza.

Ijumaa Bakhit akaja, mkono ameunyoosha.

"Nipe funguo, shemeji. Nna samaki wa kuchukua."

"Sikupi."

"Kwa harufu tu? Samaki si riziki?"

"Harufu nimeiosha, Bakhit. Wewe ndiye siwezi kukutazama."

Bakhit akangoja Shariffa acheke. Hakucheka. Akaondoka kwa miguu akinung'unika, na Shariffa akarudi uani kutoboa kreti jipya. Kila akivuta pumzi, papa bado yumo puani.