Mzunguko Mmoja na Nusu

Watu wakiliona gari langu huuliza kwanza kwa nini liko chini hivyo. Kisha huuliza linabeba watu wangapi. Nikijibu wawili, maana viti vya nyuma nimeving'oa, huniangalia kwa huruma, na mwenye ujasiri huongeza: "Sasa ukipata msiba?" Hapa kwetu gari hupimwa kwa msiba. Gari lisiloweza kupeleka watu wanne mazikoni si gari, ni israfu.

Mimi ni mwanamke wa makamo, nauza vitambaa Mchangani, na nina gari la Kijapani la turbo lililoshushwa springi na kutiwa ekzosi nene. Najua hayo yanavyosikika. Nimeshayasema mbele ya watu wengi, nao husubiri nimalizie kuwa gari ni la mume wangu. Mume wangu anapanda pikipiki na hana haja ya zaidi. Siku niliyolipata nilikwenda kutafuta gari la kubebea majora. Muuzaji akaniwashia hili kwa mzaha tu, kuniondolea uchovu wa kuzunguka. Nilirudi nyumbani nalo, na majora hadi leo nayaleta kwa mkokoteni.

Starehe ya gari kama hili ni moja tu, nayo ni kuliendesha linavyotaka kuendeshwa. Unguja hakuna mahali pa kufanya hivyo. Ninakokaa, ndani ya Mji Mkongwe, gari haliingii kabisa, kwa hiyo hulala Malindi kwenye kiwanja chenye mlinzi, na mimi hutembea vichochoroni kulifuata. Nikitoka mjini nakutana na matuta. Njia ya Bububu nimeyajua matuta yake yote kwa tabia, lipi linapandwa kwa upande wa kulia, lipi kwa upande wa kushoto, na lipi litakula bampa hata ukilibembeleza vipi. Nyuma yangu dereva wa gari la abiria anapiga honi. Wazee wa barazani wanashangaa kuona gari lenye kelele zote hizo likivuka tuta kwa ubavu, polepole, mithili ya mama mjamzito anayeshuka ngazi. Siku moja nilijaribu kwenda Kendwa kwa ndugu zangu, nikageuza kabla sijafika nusu ya njia.

Halafu kuna harusi. Sijui ni nani aliyewaambia watu wa ukoo wetu kuwa gari la kelele linafaa kumchukua bibi harusi. Nimeshasema halina viti vya nyuma. Wakasema bibi harusi ni mmoja. Nikasema kiti cha mbele ni cha mashindano, kina mikanda minne ya kumfunga mtu kifuani na mapajani. Wakasema vizuri, hatakimbia. Bibi harusi akakaa humo na gauni lake lote, sikuweza kuiona gia, nikaendesha kutoka Mkunazini mpaka Bububu kwa kupapasa. Maua ya plastiki waliyoyagandisha kwenye boneti yaling'oka na rangi.

Kwa hiyo mtu ataelewa nilivyofurahi niliposikia habari ya Tunguu. Sisi wenye magari ya aina hii tuna kikundi chetu, wanaume watupu na mimi. Mmoja wetu alijuana na mtu mwenye kiwanja kikubwa huko, kimemwagwa zege tangu zamani kwa ajili ya ghala ambalo halikujengwa. Mwenyewe sasa alikuwa anataka kuanza ujenzi. Akaturuhusu Jumapili moja, asubuhi tu, kabla ya mafundi wake kuingia. Tulipata ruhusa zote, tukakodi gari la wagonjwa likae pembeni, tukapanga ndoo za rangi zilizojazwa mchanga kuonyesha kona. Hapakuwa na tuta hata moja. Nilikwenda kupaona mapema, nikatembea kwa miguu mzunguko mzima, na nikiwa peke yangu pale nilicheka. Nilijua hii ni mara ya kwanza na ya mwisho. Baada ya Jumapili ile patasimama kuta.

Aliyekuwa na neno alikuwa mama mkubwa. Ni dada yake mama yangu, ndiye aliyenilea, na sasa uzeeni anakaa nami. Yeye hakuwahi kuuliza kwa nini gari liko chini. Aliamini tangu siku ya kwanza kwamba gari lile lina husda. Pampu ikifa, husda. Tairi likipasuka, husda. Nikimwambia ni umri wa gari, ananijibu kuwa na yeye ana umri na hapasuki. Aliposikia habari ya Tunguu aliacha kula.

"Mnakwenda kushindana na nani?" akaniuliza.

"Hatushindani, Mama. Kila mtu anakimbia peke yake, anajipima."

"Unajipima nini, mwanangu, na watu wanakuona?"

Ijumaa, siku mbili kabla, aliniomba jambo moja. Alitaka alifukize gari udi. Nilikubali upesi, maana udi haudhuru injini, na nilidhani nimepata amani kwa bei rahisi. Tukaenda naye Malindi baada ya sala ya alasiri, chetezo mkononi na mkoba begani. Nikamfungulia milango, nikamwachia ufunguo, nikavuka barabara kununua maji ya miwa. Niliporudi gari lilikuwa limejaa moshi, na yeye na mlinzi, mzee wa umri wake, wamesimama nyuma ya gari wakizungumza kwa heshima kubwa. Nilimshukuru. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilimshukuru.

Jumamosi nikajaza petroli. Jumapili gari likaenda Tunguu bila kukohoa, na mimi sikumbuki kuwa na furaha ya namna ile tangu Idi za utoto wangu. Wenzangu walinitania kuhusu harufu ya udi. Mmoja akauliza kama bibi harusi anakuja. Nikavaa helmeti yangu juu ya mtandio, nikafunga mikanda yote minne, nikangoja zamu.

Mzunguko wa kwanza niliupata. Nitarudi kwenye huo.

Mzunguko wa pili nilikuwa nimeshaamini. Nikaingia kwenye kona ndefu iliyo kando ya tangi la maji kwa kasi zaidi, gari likalala upande, tairi zikashika, na katikati ya kona, pale hasa nilipotia mafuta ili nitoke, injini ikashtuka. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Nikaserereka taratibu mpaka penye majani, nikasikia upepo kwenye minazi. Nikapiga stata. Nikapiga tena. Stata ikazunguka, injini haikushika.

Wakaja wote, wanaume watu wazima wenye glavu. Wa kwanza akainama dirishani, akaniuliza kwa upole unaoudhi kuliko tusi: "Bi, hukusahau kutia mafuta?"

Nilifungua mikanda yote minne, mmoja mmoja. Sikujiamini na ulimi wangu.

Walifungua boneti, kila mmoja akagusa kitu, hakuna aliyejua. Wakalisukuma gari kivulini. Kisha wakarudi kwenye magari yao, na mimi siwalaumu, asubuhi ilikuwa moja tu. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi nikisikiliza magari ya wenzangu yakizunguka, yakibadilisha gia mahali nilipopanga kubadilisha mimi, mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa na wote wakazima. Nililia kidogo, na nilikuwa nimekasirika kwa sababu nalia. Hasira yenyewe sikuwa na pa kuipeleka, nikampa fundi wangu wa Bububu yote, kwa simu, ingawa hana kosa isipokuwa ule "inshallah kesho" wake wa siku zote.

Gari lilivutwa na pikapu ya nazi mpaka gereji kwake. Njia nzima watoto walitupungia mikono. Safari hii fundi hakusema kesho, nadhani sura yangu ilimtisha. Akapima moto wa plagi, ukawepo. Akafungua mpira wa mafuta, akakinga kwenye chupa ya maji ya plastiki, akainua chupa kwenye jua. Juu palikuwa na petroli. Chini palikuwa na maji, na maji yale yalikuwa na umanjano kidogo. Akanusa. Akaninusisha.

"Bi," akasema, "petroli yako inanukia marashi."

Nilijua hapo hapo. Zafarani na marashi ya waridi hukutana katika kitu kimoja tu nyumbani kwetu, nalo ni kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, akapewa mgonjwa anywe. Nimelinyweshwa utotoni kwa surua, kwa mtihani, na kwa mchumba ambaye hakufaa. Sasa gari langu nalo lilikuwa limenyweshwa.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka ndipo akaniambia lililoniuma zaidi. Tangi la gari hili lina mabonde mawili, moja kila upande, na pampu imo katika bonde moja tu. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yalitulia chini kwenye bonde lisilo na pampu. Ningeendesha pole, yangekaa humo mwezi mzima bila mimi kujua. Lakini nilipokata kona kwa nguvu, yalimwagika yakaingia upande wa pili, na pampu ikayanywa.

Nilirudi mjini kwa gari la abiria, nikatembea kutoka Malindi nikiyapanga maneno. Nilikuwa na hotuba. Ilikuwa na habari ya ufunguo wangu, tangi langu, umri wangu, asubuhi yangu ambayo hairudi tena, na zege la Tunguu ambalo kesho litachimbwa. Nilikuwa nimefika kwenye neno "kamwe" nilipoingia ukumbini nikamkuta kwenye busati lake, birika la chai limefunikwa, macho mlangoni. Na hapo mtu wa Unguja anashindwa vita kabla havijaanza, kwa sababu hasira yoyote utakayompelekea mkubwa wako lazima itanguliwe na salamu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi mzima?"

"Mimi mzima. Gari ndilo lililokufa."

"Gari si mtu," akasema, akashusha pumzi ndefu, na nikaona mabega yake yanashuka. "Alhamdulillahi."

"Mama, ulitia nini kwenye tangi?"

"Kombe." Hakuona haja ya kuficha. "Nshafukiza, nkaona moshi wote uko kwenye viti. Maradhi hayako kwenye viti. Nkamuuliza yule mzee, gari hili linanywea wapi? Akafungua pale nyuma, akanionyesha. Mtu mzuri sana yule."

"Mama, maji hayaingii kwenye petroli! Limekufa katikati ya kona! Siku zote lilikuwa zima, nilikwenda nalo Tunguu zima, nimelikimbiza tu kidogo likazima!"

Akaniangalia kwa makini.

"Ulipokwenda pole, lilikuwa zima?"

"Naam."

"Ulipokimbiza ndipo likakataa?"

Niliona linakokwenda lakini nilishachelewa. "Naam, Mama."

"Basi," akasema, akaanza kumimina chai. "Mi' nlimwomba sheikh aniandikie ya kukurudisha nyumbani. Sikumwomba ya kushinda."

Mambo yote ya mabonde mawili na uzito wa maji, ambayo yangeshinda kesi mbele ya kadhi yeyote, yalikuwa ushahidi wake yeye. Nilikaa kwenye busati na viatu miguuni, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea maneno. Nilikuwa nimechoka, nanuka petroli na udi, na nilikuwa nimekosa kitu nilichokitaka kwa miaka. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia, Mama, nilikuwa na asubuhi moja, na nimepata mzunguko mmoja na nusu.

Alisukuma kikombe mbele yangu. Akawa anakunja na kukunjua pembe ya leso yake. Sikutarajia samahani, na haikuja.

"Huo mmoja," akasema hatimaye. "Huo uliotimia. Ulikuwaje?"

Tangu ninunue gari lile nimeulizwa linakula mafuta kiasi gani, litauzika kwa nani, linafaa harusi gani, na mume wangu anasemaje. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, hata wenzangu wa Tunguu.

Nikaanza kumweleza. Nikamweleza namna unavyoliacha gari linyooke kabla ya kukata, na breki unavyozisikia kwenye goti, na pale penye ndoo ya tatu ambapo ukikosea unajua na ukipatia unajua, na mikono yangu ikapanda yenyewe juu ya busati ikishika usukani. Mama mkubwa alikuwa akinisikiliza na kinywa wazi kidogo. Nilipofika kwenye kona ndefu alinyoosha mkono, akakiondosha kikombe kwenye njia ya kiwiko changu, akasema, "Enhe. Kata."