Manukato Yaliyopotea Kabla ya Adhuhuri

Nakumbuka siku moja ya harusi hapa Guangzhou, nikiwa na miaka ishirini na minne, najiona najua kila kinachonukia. Mwanangu, kaa nikusimulie, maana nawe umeanza kuchanganya mafuta, na naona unavyoharakisha.

Bibi harusi alikuwa Rukia, shoga yangu wa Mombasa. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Kangle na kununua vitambaa pamoja soko la Zhongda. Mamake alifariki mwaka uliotangulia, basi akaniomba jambo moja tu: nimtengenezee mafuta yanukie kama mamake, asumini na udi. Nikachanganya asubuhi ileile ya harusi. Udi niliuona mzito, nikatia tone moja. Mafuta ya chungwa nikayamimina kwa sababu yananukia upesi. Nikanusa mdomo wa chupa, nikaridhika.

Kabla ya adhuhuri, wanawake wakimkumbatia, Rukia alinusa mkono wake, akaniambia taratibu, "Asubuhi nilimsikia mama. Sasa simsikii."

Bi Zuhura, mama wa Kiunguja aliyekuwa akiuza manukato miaka mingi, akanivuta kando.

"Umeweka wapiga hodi watupu," akasema. "Nani atakayebaki ndani? Chungwa na limau hutangulia na kuondoka mapema. Maua hushika katikati. Udi na sandali ndio wakaaji. Anza na hao."

Rukia alibakiwa na wiki tatu kabla ya kurudi nyumbani na mumewe. Nikaazimia kuyatengeneza upya. Kila asubuhi nilianza na udi na sandali, kisha asumini, chungwa mwisho, nikiandika kila tone. Nilipaka mkononi, nikaenda sokoni, nikanusa adhuhuri, nikanusa tena alasiri. Niliharibu chupa kumi na mbili. Ya kumi na tatu niliiacha itulie siku tano.

Rukia alijipaka asubuhi ya safari. Alasiri, uwanja wa ndege, aliinamia mkono wake kitambo, akafuta machozi. "Yupo," akasema.

Mwanangu, usiipime kazi yako kwa dakika yake ya kwanza. Weka kwanza kile kitakachokaa, ukipe siku zake. Ukikosea, mwaga, andika ulipokosea, uanze tena. Na mtu akikukabidhi kumbukumbu ya mpendwa wake, usimrudishie kabla hujaivaa wewe kutwa nzima.

Mungu akupe mkono mtulivu na moyo usiochoka, na kila utakayempaka aondoke kwako amefarijika. Amina.